Umeme Ukikatika, Maji Yaende Wapi?

 

Leo nianze na ukimya.

Usiku mmoja niliamka nikiwa sijui kilichoniamsha. Mtoto hakulia na mbwa hakubweka. Nilikaa kitandani nikasikiliza, ndipo nikagundua kwamba nimeamshwa na sauti ambayo haipo. Sebuleni kwangu kuna tangi la samaki, na usiku na mchana maji yake hutiririka kwa sauti ndogo kama kijito cha mbali. Usiku ule kijito kilinyamaza. Umeme ulikuwa umekatika. Nikashuka kitandani, nikatembea gizani hadi sebuleni, na hatua ya tatu nikakanyaga maji.

Nilimulika kwa simu. Tangi kubwa limeshuka karibu nusu shubiri. Tangi dogo la chini, lililofichwa kwenye kabati, limefurika, na maji yanatambaa chini ya zulia kuelekea ukutani. Nilidhani bomba limepasuka. Asubuhi nikamwita fundi, kijana wetu mmoja wa mtaani, mtaratibu, ndiye aliyekuwa amefunga mabomba yale. Alipapasa kila kiungo kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikabaki kikavu. Akawasha pampu, akangoja, kisha akaizima mwenyewe na kuchuchumaa akitazama. Baada ya dakika mbili akaniambia, "Papa, hakuna kilichopasuka. Maji yamerudi kwa njia ileile yaliyopandia."

Wasikilizaji, maneno yale ya kijana ndiyo mazungumzo yangu yote ya leo. Sote tunajua kufunga bomba ili maji yaje. Wachache tunafikiria maji yatafanya nini yakisimama.

Kwanza niwaeleze hili tangi la chini ni nini, maana wengi hamjaliona. Mfugaji wa samaki ndani ya nyumba huweka tangi la kioo la kutazama, lenye samaki na mawe yake. Chini yake, ndani ya kabati, huweka tangi la pili dogo zaidi. Wenye fani huliita sampu. Mimi nitaliita tangi la chini. Maji ya juu yakifika kwenye ukingo fulani hufurika na kuteremka kwa bomba hadi chini. Huko hupita kwenye sponji inayonasa uchafu, yakapita kwenye mawe yenye matundu, kisha yakafika chumba cha mwisho penye pampu. Pampu huyapandisha tena juu. Kuteremka ni kazi ya uzito wa maji yenyewe, na kupanda ni kazi ya umeme. Mkumbuke hilo, kwa sababu matatizo yote yanatoka hapo: upande mmoja wa mzunguko hautegemei umeme, na upande wa pili hukatika wakati wowote.

Mtu ataniuliza, kwa nini taabu yote hii? Kwa nini usibadilishe maji tu kwa ndoo kila wiki? Kubadilisha utabadilisha, lakini hakutoshi. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na amonia ni sumu kwake. Wanaomwokoa ni bakteria. Kuna wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia hadi siku ya kubadilisha maji. Bakteria hawa wanataka mambo mawili: mahali pa kujishika, na maji yenye oksijeni yanayopita bila kukoma. Tangi la chini ni nyumba yao. Huchukua kama wiki nne hadi sita kujaa humo, kwa hiyo asiye na subira atazika samaki.

Na kwetu Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, jambo hili lina uzito kuliko mahali pengi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni maji yenyewe. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana alkali, pH yake inakaribia 9, kwa ajili ya madini ya miamba ya volkano. Sasa sikilizeni hesabu hii. Katika maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia 1. pH ikiwa 8, inafika asilimia 5 hivi. pH ikiwa 9, inavuka asilimia 35. Amonia ileile na samaki walewale, lakini katika maji ya aina ya Kivu au Tanganyika kosa dogo la uchujaji linaua, wakati kwingine lingepita bila kuonekana.

Ya pili ni hewa. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huu hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na maji ya Mombasa au Dar es Salaam yenye joto lilelile. Maji yanayofurika ukingoni na kuanguka bombani hujichanganya na hewa, ndiyo maana tangi la chini linatufaa sana. Lakini kumbuka upande wa pili: pampu ikizima, samaki wa Gisenyi ana akiba ndogo ya pumzi kuliko samaki wa pwani.

Ukitaka kuona maji yasiyozunguka yanakuwaje, simama pale ufukweni utazame nje. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, na maji yake yamelala kwa tabaka. Ya chini ni mazito kwa chumvi na gesi, hayapandi, na ya juu hayashuki kuyafikia. Kuanzia mita 60 na kitu kwenda chini hakuna oksijeni, na samaki wetu wote, sambaza na indugu, wanaishi katika gamba jembamba la juu. Chini kumelundikana kaboni dioksidi na methani kwa muda mrefu. Jirani zetu wa Rubona wanaifahamu methani hiyo. Tangu mwaka 1963 ilivutwa pale na kuwasha matanuri ya kiwanda cha bia. Na kule Karongi kuna kituo kinachozalisha megawati 26 kwa gesi ya ziwa: bomba refu huvuta maji kutoka mita 350 hivi, gesi hutenganishwa, na maji hurudishwa kwenye kina kilichochaguliwa kwa makini ili tabaka zisivurugwe. Wahandisi wale nao walilazimika kujiuliza swali letu la leo: maji niliyoyainua, yanarudi wapi?

Turudi sebuleni. Nitawapa vipimo vya tangi langu ili hesabu iwe ya kweli, nanyi mtaingiza vyenu.

Tangi la juu lina urefu wa sentimita 120, upana 45, kimo 50. Likijaa ni lita 270, yaani kilo 270 za maji kabla hujaongeza kioo na mawe. Kila sentimita moja ya kina ni lita 5.4. Tangi la chini ni sentimita 75 kwa 35, kimo 40, na kila sentimita yake ni lita 2.6 hivi.

Usiku ule wa mafuriko, bomba la kurudisha maji lilikuwa limezamishwa sentimita 10 ndani ya tangi la juu. Fundi alifanya hivyo kwa nia njema, ili maji yasipige kelele. Pampu ilipozima, bomba lile likageuka kuwa mpira wa kunyonya. Mmewaona vijana wanaohamisha mafuta kutoka jerikani kwa mpira: ukishajaa, mafuta yanajivuta yenyewe hadi mdomo wa juu upate hewa. Ndivyo ilivyokuwa. Maji yalirudi nyuma kupitia pampu hadi mdomo wa bomba ulipotokeza hewani, na kufika hapo sentimita 10 zilikuwa zimeondoka. Kumi mara 5.4 ni lita 54. Tangi la chini lilikuwa na maji ya kina cha sentimita 28, limebakiza 12 tu, nafasi ya lita 31. Toa wenyewe. Jerikani nzima na zaidi kidogo iliishia chini ya zulia langu.

Hapakuwa na bomba bovu wala gundi mbaya. Palikosekana hesabu ya mstari mmoja.

Basi tulifanya hivi. Mdomo wa bomba la kurudisha tuliupandisha, ukabaki sentimita moja na nusu tu chini ya uso wa maji. Halafu, karibu kabisa na uso, fundi akatoboa kitundu cha milimita 6 kwenye bomba hilo. Uso ukishuka kidogo tu, kitundu kinavuta hewa na kunyonya kunakatika. Sasa pampu ikizima hazirudi zaidi ya lita 8, na mbili au tatu zilizokuwa ndani ya mabomba na kwenye sanduku la kufurikia, lile la pembeni mwa tangi la juu. Tangi la chini linapanda sentimita 4 na kusimama. Nimechora mstari kwa wino usiofutika pale penye sentimita 28, na ni mwiko kujaza kupita mstari huo.

Kuna watakaokwambia funga vali ya kuzuia maji kurudi, uache hesabu. Naomba msiitegemee peke yake. Vali ile ina kifuniko kidogo, na uzi mmoja wa mwani au chembe ya mchanga ikikaa hapo haifungi tena, na hutajua hadi usiku utakapokanyaga maji. Kitundu cha milimita 6 nacho kinaweza kuziba, kwa hiyo kila ninapobadilisha maji nakipitisha kijiti. Lakini hata kikiziba, mdomo wa bomba uko juu. Hapo ndipo usalama ulipo: umbo la bomba lenyewe ndilo linalokulinda.

Sasa kuna balaa la pili, kinyume cha lile la kwanza. Umeme upo, pampu inapandisha, lakini bomba la kuteremsha limezibwa na jani au konokono. Pampu haijui. Itaendelea kupandisha hadi chumba chake kikauke, na maji yote hayo yatakwenda juu. Kwangu chumba cha pampu kina lita 17 na nusu. Ukizigawa kwa 5.4, tangi la juu litapanda sentimita 3 na robo. Kwa hiyo nimeacha sentimita 4 tupu juu ya uso wa maji. Mwenye kujaza tangi hadi mdomoni kwa kupenda uzuri amejiondolea nafasi ya kusamehewa.

Na mabomba ya kuteremsha yasiwe moja. Mimi nina matatu, ya milimita 32, yamesimama ndani ya sanduku la kufurikia pembeni mwa tangi. La kwanza linafanya kazi likiwa limejaa maji tupu, bila hewa, nalo nimelifungia vali ya geti chini ili nipime kasi yake taratibu. Halitoi sauti kabisa, kwa sababu kelele za maji bombani ni hewa inayogombana nayo. La pili mdomo wake uko juu kidogo, linapitisha maji membamba yanayoteleza ukutani, na linachukua ziada pale la kwanza linaposhindwa kidogo. La tatu mdomo wake uko juu zaidi na siku zote ni kavu. Ukisikia linaguguma, ujue kuna kilichoziba, kimbia ukaangalie. Hilo la tatu usiliwekee vali yoyote. Ni mlango wa dharura, na mlango wa dharura haufungwi kufuli.

Nizungumze kidogo na mafundi, maana najua mnanisikiliza huku mikono ina gundi.

Fundi, umezoea bomba la maji ya mjini, lenye shinikizo. Hapa shinikizo hakuna, kuna uzito tu. Elbo moja kali, hizi mnazoziita kude, inachelewesha maji. Mahali pa kude moja ya nyuzi 90 weka mbili za 45. Usilaze bomba la kuteremsha hata kipande kifupi, lipe mteremko. Mwisho wa bomba kule chini usiuzamishe zaidi ya sentimita 2 au 3, la sivyo hewa iliyonaswa bombani haitapata pa kutokea. Kata vipande vyote, viunganishe vikavu bila gundi, tazama, rekebisha, kisha ndipo upake. Weka yunioni, kile kiungo kinachofunguliwa kwa mkono, juu ya pampu na kwenye kila vali, kwa sababu siku pampu itakapohitaji kuoshwa hutaki kushika msumeno. Usitumie viungo vya shaba nyekundu wala njano. Shaba huyeyuka kidogo kidogo majini, na konokono na kamba hawaivumilii hata kidogo.

Kabla ya kutoboa kioo, muulize muuza kioo kama kimepashwa moto mkali ili kiwe kigumu. Kioo cha namna hiyo kikiguswa na keekee kinasambaratika chote. Kioo cha kawaida hutobolewa kwa keekee la almasi, polepole, bila kukandamiza, huku maji yakimiminwa pale pale. Kwenye tundu unaweka kiungo cha tangi, kile chenye nati na raba, kama cha matangi ya plastiki ya maji ya mvua. Kaza kwa mkono na robo mzunguko zaidi. Inatosha.

Na sisi wa Gisenyi na Rubavu yote tuna jambo letu la ziada. Mnakumbuka Mei 2021. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka usiku wa tarehe 22, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mpaka mjini kwetu kukapasuka nyufa, nyumba zikaanguka. Bomba gumu lililogandishwa moja kwa moja kwenye kioo, ardhi ikicheza, ndilo litakalokipasua kioo. Kwa hiyo kati ya kiungo cha tangi na bomba gumu weka kipande cha mpira laini wenye kufungwa kwa klampu, hata sentimita 20. Na kabati lifungwe ukutani.

Volkano hiyohiyo imetuachia pia zawadi. Kwingine watu hununua mawe maalumu ya kufugia bakteria kwa bei kubwa. Sisi tunayajengea kuta. Haya makoro yetu, mawe mepesi ya volkano yenye matundu kama mkate, ni makazi mazuri kwa bakteria. Chagua mepesi, yavunje yawe makubwa kama limau, yaoshe hadi maji yatoke meupe, yachemshe, yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji, kisha yajaze kwenye chumba cha katikati. Ukiyasafisha baadaye, tumia maji ya tangi lenyewe. Maji ya bomba yana klorini, na klorini iliwekwa humo kwa kazi ya kuua bakteria. Haitachagua walio wako.

Wazazi mmeniuliza wiki iliyopita kuhusu watoto na umeme. Kila waya wa pampu uuache ulegee, ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili tone likitambaa kwenye waya lianguke sakafuni, lisiingie kwenye soketi. Soketi iwe juu na pembeni, isikae chini ya tangi. Na kwa ajili ya umeme kukatika muda mrefu, tafuta kipampu cha hewa cha betri. Kitawapa samaki pumzi, na ukitumbukiza mpira mwingine kwenye yale makoro, utawaokoa bakteria pia, maana nao hukosa hewa na kufa.

Neno moja kuhusu samaki wenyewe. Indugu wa Kivu ni jamii ya Haplochromis, na kuna spishi kama 15 ambazo hazipatikani kwingine duniani. Usimtoe ziwani bila ruhusa, na samaki wa dukani usimmwage ziwani hata ukichoka kumlisha. Ziwa Viktoria lilitiwa sangara katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 mamia ya spishi za jamii hiyohiyo ya Haplochromis zilikuwa zimetoweka au zimebaki kidogo mno. Baadhi yao walio hai leo wako kwenye matangi ya vioo tu, yanayotunzwa na watu wa mbali, ambao usiku husikiliza pampu zao kama mimi ninavyosikiliza yangu. Wakati mwingine spishi nzima inategemea mtu mmoja kujua maji yake yatasimama wapi.

Nimalizie kwa kazi ya kufanya. Ukishafunga kila kitu na gundi imekauka siku nzima, jaza maji matupu, bila samaki. Washa. Acha mzunguko utulie. Halafu nenda kwenye soketi, zima. Usiguse chochote. Chuchumaa kama alivyochuchumaa yule kijana, utazame maji ya chini yakipanda. Yatapanda upesi, kisha polepole, kisha utasikia kitundu kikivuta hewa, na yatasimama. Weka alama hapo. Washa tena, zima tena, mara kumi, na moja kati ya hizo iwe usiku taa zote zikiwa zimezimwa. Yakisimama mahali pamoja mara zote kumi, kaleteni samaki.

Mimi usiku bado huamshwa na ukimya umeme ukikatika. Nasikiliza sauti ile fupi ya hewa kuingia bombani, kisha nageukia upande wa pili.